Wiki 11 kwa gari hadi Cape Town: turudi tulikopita au twende mbele zaidi?

Mkazi wa Kondoa aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mwaka jana mimi na mke wangu, ambaye ni mwenyeji wa Songea, tuliondoka Dodoma mwishoni mwa Mei tukiwa na Toyota Hiace tuliyoing'oa viti vya nyuma na kuweka humo kitanda cha mbao, jiko la gesi na madumu matatu ya maji. Tulishuka Iringa na Mbeya hadi Tunduma, tukaingia Zambia, kisha Botswana, kisha Namibia, na hatimaye tukafika Cape Town baada ya zaidi ya kilomita 6,000. Kwenda na kurudi kulituchukua wiki 11. Mwaka huu tumepata likizo ya wiki nane, na hapo ndipo tunapotofautiana: mimi nataka tuvuke kaskazini mwa Namibia tuingie Angola, ambako hatujawahi kufika, naye anasema hana haja na nchi mpya hata moja, bali anataka turudi Namibia tukae. Naomba ushauri wa waliowahi kusafiri hivi, lakini niruhusuni kwanza nieleze tuliyoyaona, maana bila hayo swali langu halitaeleweka.

Kwa upande wa taratibu, safari haikuwa ngumu kama tulivyoogopeshwa. Mtanzania haombi viza ya matembezi katika nchi zote nne, magari hupita kushoto kama kwetu, na bima ya COMESA, ile kadi ya njano, inatambulika Zambia. Kuanzia Botswana kwenda kusini kadi hiyo haitumiki, kwa kuwa huko fidia ya mtu aliyeumizwa na gari hutoka katika mfuko wa taifa unaochangiwa kupitia bei ya mafuta. Kilichotusumbua ni mwendo wetu wenyewe. Kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, hadi Lusaka ni kilomita 1,000 hivi, nasi tulizimaliza kwa siku mbili, tukikwepa mashimo, tukiyapita malori ya shaba, huku reli ya TAZARA ikitokea na kupotea kando ya barabara. Nayakumbuka magunia ya mkaa yaliyopangwa njiani na baridi ya asubuhi ya Mpika, lakini ukiniuliza jina la mtu hata mmoja niliyezungumza naye kati ya Nakonde na Kapiri Mposhi, sina.

Kule Kazungula tulivuka Zambezi kwa daraja lililofunguliwa Mei 2021. Lina urefu wa mita 923, na limepindishwa ili lisiguse maji ya Zimbabwe. Nilishuka upande wa Botswana nikalitazama kwa muda mrefu, kwa sababu mipaka mingine niliyowahi kuivuka ilikuwa ni kamba, geti na mhuri, lakini huu umekunjwa katika zege, na kila lori linalopita pale linaufuata kwa usukani.

Botswana ninayoikumbuka kweli ni ile iliyotusimamisha. Kwenye geti moja la uzio wa mifugo, afisa alituuliza kama tumebeba nyama mbichi, nasi tulikuwa na kilo mbili tulizonunua Kasane. Alitueleza kwa upole kwamba nyati wa kaskazini hubeba ugonjwa wa miguu na midomo, na kwamba nchi inayouza nyama Ulaya haiwezi kuruhusu hata kipande kimoja kupita kwenda kusini kikiwa kibichi. Tukitaka kuokoa nyama yetu, tuipike palepale. Tulitoa jiko, tukakaanga, naye akakataa kula kwa kuwa alikuwa kazini, ila alikaa nasi karibu saa nzima akitusimulia juu ya ng'ombe wake, baba yake na mwaka ambao mvua haikunyesha. Kama tusingekuwa na nyama ile, tungepita geti lile kwa dakika mbili.

Kisha Namibia. Kwa sensa ya 2023 nchi ile ina watu wapatao milioni tatu tu katika eneo la kilomita za mraba 824,000 hivi, na sisi tumetoka katika nchi isiyoizidi sana kwa ukubwa lakini yenye watu zaidi ya milioni 61. Takwimu hizo nilizijua kabla ya kuondoka, ila sikujua kwamba mtu anaweza kuendesha saa mbili kwenye barabara ya changarawe bila kuona nyumba, mbuzi wala moshi. Tulipunguza upepo wa matairi kama tulivyoelekezwa, na bado tulipata pancha mbili katika siku moja. Kila mara gari la kwanza kutokea lilisimama, hata kama lilichelewa kutokea. Katika kituo kimoja cha mafuta mjini Keetmanshoop nilisikia vijana wakizungumza Kikhoekhoe, lugha ya Wanama, na sauti zile za kugonga ulimi kwenye kaakaa zikanirudisha kwenye mnada wa utotoni mwangu, ambako Wasandawe wa Kwa Mtoro na Farkwa, ambao lugha yao nayo ina sauti hizo, walikuja na asali. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilisimama na pampu mkononi kama mtu aliyeitwa.

Siku mbili kabla ya hapo tulikuwa tumefika Lüderitz, na ndiko lilikotokea jambo linalotugawa sasa. Tulielekezwa mahali pa kulala kwenye ardhi ya miamba iliyoingia baharini, iitwayo Shark Island, penye mnara wa taa na nafasi za mahema. Upepo ulikuwa mkali. Nilikuwa nikizuia magurudumu kwa mawe wakati mke wangu alipokwenda kusoma maandishi ya mnara wa kumbukumbu uliopo pale, akarudi kimya, akaniambia nizime jiko. Pale, kati ya 1905 na 1907, Wajerumani, waliotawala Namibia wakati huo, waliwafungia wenyeji, Waherero na Wanama, wanaume, wanawake na watoto, kwenye baridi na njaa, na wengi hawakutoka hai. Mmoja wao ni kiongozi wa Wanama, Cornelius Fredericks, aliyefia hapo mwaka 1907. Mke wangu alirudia miaka ile mara mbili. Ni miaka ya Majimaji. Kwao Songea, viongozi wa Wangoni walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, na yeye amekua akihudhuria kumbukumbu ya siku hiyo kila mwaka. Alisema hawezi kupika wala kulala mahali pale. Saa tatu usiku tulifunga kila kitu tukaenda kulala ndani ya gari, kando ya kituo cha mafuta mjini.

Tangu usiku ule yeye anaona tulizipita nchi hizi bila kuziona, na kwamba kuongeza Angola ni kuongeza mhuri. Mimi naona kama tusingekwenda mbali, tusingefika Lüderitz kabisa. Waliowahi kusafiri safari ndefu za namna hii, ninyi mlifanyaje?

Dereva wa Njia ya Kusini alijibu:

Ndugu Mkazi wa Kondoa, salamu kwako na kwa shemeji. Mimi naendesha semi kati ya Dar es Salaam, Lusaka na Copperbelt, eneo la migodi ya shaba Zambia, tangu 2004, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya safari yako ndiyo ofisi yangu. Niko upande wa shemeji, na nitaeleza sababu.

Miaka mitatu ya mwanzo nilipita Zambia kama ulivyopita wewe, macho kwenye mashimo na akili kwenye foleni ya Tunduma. Nilianza kuijua nilipoharibikiwa na tela karibu na Serenje nikasubiri kipuri siku tisa. Mama mmoja aliyeuza viazi vitamu alinipa nafasi ya kuota moto, na mpaka leo kila nikipita nasimama kwake, nimewaona wanawe wakikua, na mmoja nilimbeba hadi Mpika alipoanza shule ya bweni. Ninachotaka kusema ni kwamba kwangu barabara ile ilibadilika kwa sababu niliirudia, si kwa sababu niliitazama kwa makini zaidi. Mgeni wa siku moja hujibiwa maswali aliyouliza. Anayerudi huanza kuambiwa yale ambayo hakuyauliza.

Jambo la pili ni hili. Umesema Zambia hukukumbuka mtu, nami nadhani ulipita karibu sana na jambo ambalo lingewagusa wote wawili. Ukitoka barabara kuu upande wa Serenje, kuna mahali panaitwa Chitambo, ambapo David Livingstone alifariki mwaka 1873. Moyo wake ulizikwa pale chini ya mti, na wasaidizi wake, Susi na Chuma, pamoja na wenzao, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mimi nimesimama pale mara mbili, na wala sikumfikiria Livingstone. Niliwafikiria wale wabebaji, kwa maana kutoka pale hadi Bagamoyo mimi hutumia siku tatu nikiwa nimekaa, nikilalamikia mgongo, na wao walitumia miezi na miezi wakiwa na maiti mabegani, wakipita vijiji vilivyoogopa kupokea mfu. Wazee wetu wa kazi pia wamo katika njia hiyohiyo: baada ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru mwaka 1965 na njia ya kupitia kwao kukatika, mafuta ya Zambia yalipelekwa kwa mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam, kwenye barabara ya vumbi iliyoua madereva wengi hata ikaitwa njia ya Jehanamu, mpaka bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Niliofunzwa nao udereva walifunzwa na watu hao.

Kwa hiyo ukiwa na wiki nane, zirudie nchi mbili, na nusu ya muda uache bila mpango.

Binti wa Isiolo alijibu:

Kaka, pole na hongera kwa safari. Naheshimu maneno ya mzee dereva, lakini naomba nisimame upande wako kidogo, kwa sababu naona mapito ya mara ya kwanza yanahukumiwa kwa ukali usio wa haki.

Mwaka 2018 mimi na ndugu yangu tuliendesha gari kutoka Isiolo hadi Cairo. Siku hizi njia hiyo haipitiki, vita vya Sudan vimeifunga tangu Aprili 2023, na hilo ndilo linalonifanya nishukuru kwamba hatukungoja. Baada ya Moyale, magari hupita kulia, na kwa kuwa usukani wetu ulikuwa upande wa kulia, kila nilipotaka kulipita lori ilibidi ndugu yangu achungulie kwanza aniambie kama njia ni salama. Nanyi mtakutana na jambo hilohilo Angola, basi lifanyieni mazoezi. Katika wiki ya kwanza Ethiopia, mwenye nyumba ya wageni alitueleza kwa kusitasita kwamba wao huhesabu saa kuanzia macheo, hivyo chai ya asubuhi ni saa moja, akawa anatafuta namna ya kutufafanulia jambo ambalo, kwa uzoefu wake, wageni huliona la ajabu. Tulimwambia kwamba hata sisi kwa Kiswahili huhesabu hivyo. Alicheka kwa furaha, akaenda kumwita mkewe asikie. Nilikuwa nimezoea kuona hesabu yetu ya saa kama jambo la nyumbani tu, la kutafsiriwa kila tunapozungumza na watu wa nje, na ilinibidi niende kilomita mamia kaskazini ili nikutane na mtu ambaye sihitaji kumtafsiria.

Sudan tulikaa siku 12 tu. Kandokando ya barabara, chini ya vibanda vidogo vya kivuli, watu huweka mitungi mikubwa ya udongo yenye maji ya kunywa kwa ajili ya mpita njia yeyote, na kikombe juu yake. Sikumjua hata mmoja wa waliojaza mitungi ile. Leo, kila nisomapo habari za miji tuliyopita, nauona mtungi fulani upande wa kusini wa Dongola, kwenye mti mmoja, na najiuliza kama yuko anayeujaza. Sikukaa pale hata robo saa. Siwezi kukubali kwamba robo saa ile haikuwa kitu, na mara nyingine mlango ulio wazi leo hauwi wazi ukirudi.

Mtanzania wa Windhoek alijibu:

Ndugu Mkazi wa Kondoa, nimeishi hapa miaka kadhaa, na nimeguswa sana na simulizi la Lüderitz. Naomba niongeze machache.

Kwanza, uhusiano alioubaini mkeo hauishii kwenye miaka. Jenerali Lothar von Trotha, ambaye tarehe 2 Oktoba 1904 alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero, aliwahi kuongoza majeshi ya Wajerumani huko kwetu katika miaka ya 1890. Waliokuja hapa na bunduki walikuwa wamekwisha kuzitumia kwetu. Ujerumani ilikiri mwaka 2021 kwamba yaliyotendwa hapa yalikuwa mauaji ya kimbari, ingawa viongozi wengi wa Waherero na Wanama waliyakataa makubaliano yaliyoambatana na kukiri huko wakisema hawakushirikishwa ipasavyo; na Novemba 2023 rais wa Ujerumani alikwenda Songea kuomba radhi. Watu wa hapa niliowaeleza habari ya Songea walinisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia, kwa sababu wengi hawakuwa wamewahi kuisikia, kama nasi tusivyofundishwa ya kwao.

Pili, wewe unatoka mkoa wa Dodoma, na Kongwa iko mkoani kwako. Pale ndipo wapiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, walipopiga kambi miaka ya 1960, na kutoka pale walisafiri kupitia Zambia hadi kaskazini mwa nchi hii, ambako mapigano ya kwanza yalitokea Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966. Hiyo sasa ni Siku ya Mashujaa. Nimewahi kusalimiwa kwa Kiswahili safi na mzee mmoja kwenye foleni ya benki, na nilipomuuliza alikojifunza, alinitajia Kongwa na Dar es Salaam, akaniuliza habari za soko la Kariakoo kana kwamba aliondoka juzi.

Kwa sababu hiyo nashauri mje Agosti. Mwishoni mwa mwezi huo Waherero hukusanyika Okahandja kwenye makaburi ya machifu wao, wanawake wakiwa na magauni yao marefu na vilemba vyenye umbo la pembe za ng'ombe. Tangu 2025 taifa pia huadhimisha tarehe 28 Mei kuwa siku ya kukumbuka mauaji yale, ila Okahandja ndiko mtakakokaa na watu. Kuhusu Angola, mpaka wa Oshikango uko kaskazini hukohuko iliko Omugulugwombashe. Mnaweza kuuamua mkiwa huko.

Mama wa Songea alijibu:

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Mimi ndiye mke anayetajwa. Mume wangu amesimulia kweli, ila kuna jambo moja hakulisema kwa sababu sikuwahi kumweleza vizuri.

Usiku ule sikuondoka Shark Island kwa hasira. Niliona aibu. Mimi nimelelewa na bibi aliyetufundisha kwamba mahali pa wafu hapaingiwi bila kubisha hodi, na sisi tulikuwa tumefika na redio ikilia, tumeshapanga sufuria, tukitafuta mwamba utakaotukinga upepo. Nimeona watalii wakipita kwenye makaburi ya mashujaa wetu pale Songea wakitazama saa zao, na siku zote niliwahukumu moyoni. Pale Lüderitz mtalii yule nilikuwa mimi. Nchi nne nzima nilikuwa nikisema "wenzetu hawa" na "nchi zao hizi", na sikuwa na hata dua moja niliyojiandaa nayo kwa ajili yao, ingawa walikufa miaka ileile, kwa mikono ileile iliyowaua wazee wangu.

Dada wa Isiolo, habari ya mtungi imenikaa. Sikatai kwamba kupita ni kitu. Mimi nataka tu kurudi mahali pamoja nikiwa nimebisha hodi. Nimemwambia mume wangu kwamba baada ya hapo, akitaka Angola, nitamchungulilia malori.

Ndugu wa Windhoek, naomba utuulizie kama wageni wanaruhusiwa Okahandja siku ile, tuvae nini, na kama inafaa kuja na kitu mkononi. Nafikiria udongo kidogo wa Songea, lakini sijui kama forodha na wale maafisa wa mifugo wa Botswana wataupitisha.

Mkazi wa Kondoa alijibu:

Nawashukuru wote. Tumekubaliana kuondoka wiki ya mwisho ya Julai. Siku ya kwanza tutaelekea Kongwa, ambako nimepita kwa basi tangu utoto bila kushuka hata mara moja, kisha Iringa na Tunduma. Zambia tumeipa siku kumi, tatu kati yake ni za Chitambo na Serenje. Mzee dereva, nitaomba unielekeze anapouzia yule mama wa viazi, kama bado yupo.

Udongo hatutaubeba.